Bomba lililopita migombani kwa mama wa Nkunga

Leo mteja kanifanya nifute bomba zima!

Ni mama mmoja wa kijiji cha Nkunga, namchorea nyumba. Nikamwonyesha ramani kwenye kompyuta, mabomba ya chini ya ardhi yakiwa mistari ya vipande vipande. (Kuilazimisha programu iyaonyeshe hivyo, nilihangaika asubuhi nzima.)

“Mbona bomba limekatikakatika, mwanangu?”

“Halijakatika, mama. Kilicho chini ya ardhi tunakichora hivyo.”

Akaweka kidole pale bomba linapopita migombani.

“Basi na baba watoto umchore hivyohivyo. Tulimzika hapa.”

Jamani! Nilipopima kiwanja niliona migomba tu.

Bomba nimelizungushia upande wa pili. Kaburi nimelichora kwa vipande vipande. Akalitazama weee, kisha akasema, “Ndaga, asante mwanangu. Sasa yupo.”

Wachoraji wenzangu, nyie makaburi mnayaonyeshaje?