Miaka Minne Aliyoongezewa Anaïs

Maman Thérèse anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu, anasafisha ofisi asubuhi, na tangu nimjue anaishi peke yake Evere, hapa Brussels, ghorofa ya tano. Mimi ni Crispin, mtu wa Bukavu. Najaza fomu za nusu ya kanisa kwa sababu siku moja nilikosea nikasema najua Kifaransa cha ofisini. Subira sina, na anayeniletea karatasi lazima auvumilie mdomo wangu.

Mwaka jana kaka yake, Florent, alifariki Likasi, kule Kongo, akiwa bado mfanyakazi wa kampuni moja ya madini, fundi wa kuchomelea vyuma. Kampuni hiyo ina desturi: mfanyakazi akifa kabla ya kustaafu, mtoto wake mmoja huajiriwa mahali pake, mradi hajafika miaka thelathini. Anaïs, binti wa pekee wa Florent, alikuwa na miaka ishirini na tisa na mama mgonjwa wa kumtunza. Kadi yake ya ubatizo inasema alizaliwa 1996. Cheti cha kuzaliwa kinasema 1992. Kampuni ikashikilia cheti, kwa kuwa kina muhuri wa mahakama, na kwa cheti hicho binti alikuwa ameshazeeka.

Nilimuuliza Maman Thérèse hiyo miaka minne ilitoka wapi. Akaangalia mikono yake.

"Njo miye niliiweka," alisema kwa Kiswahili cha kwao: ni yeye mwenyewe.

Mwaka 2008 alitaka kumleta Anaïs Brussels. Shangazi hakuruhusiwa kumleta binti wa kaka yake, mama angeweza. Basi Florent akakubali, wakaenda mahakamani, cheti kikatolewa, na Thérèse akawa mama. Shida ni kwamba Thérèse aliondoka Likasi 1994, na mtoto hawezi kuzaliwa kule miaka miwili baada ya mama yake kupanda ndege. Wakamrudisha nyuma hadi 1992. Ubalozi ukaomba kipimo cha damu kuthibitisha kwamba ni mama, Thérèse akaacha, safari ikafa. Cheti kikabaki, na cha serikali ndicho hicho tu alichokuwa nacho Anaïs. Alikipeleka kampuni mwenyewe, kwa mikono yake, maskini.

Dawa niliiona mara moja. Maman Thérèse aandike kwamba hakumzaa Anaïs na kwamba ule mwaka 1992 ulitungwa, asaini, sahihi ithibitishwe kwenye komini, ofisi ya manispaa, barua iende Likasi. Wiki ya kwanza akasema anaumwa. Ya pili, eti anaogopa kunyang'anywa uraia; nikamtafutia wakili wa kumtuliza. Ya tatu hakushika simu kabisa, na mwezi wa nane Anaïs angetimiza thelathini kwelikweli. Nikapanda basi hadi kwake na hasira zangu zote. Nikamwambia anamnyima mtoto wa watu kazi kwa sababu ya woga.

"Haiko woga, papa Crispin," alisema. "Niko na soixante-deux ans, miaka makumi sita na mbili. Sikuolewa, sikuzala. Mu dunia yote, njo ile karatasi tu inasema miye niko mama ya muntu. Nikiikana, nabakia na nini?"

Niliona aibu, nikamwomba radhi, nikaenda zangu.

Niseme mapema ili usihangaike: Anaïs alipata kazi. Siku mbili baada ya mimi kwenda Evere, Maman Thérèse alinipigia simu, akasema ameandika. Tukaenda komini pamoja. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa herufi za mtu anayeandika polepole asikosee. Dada wa dirishani alilinganisha sahihi na kitambulisho, akagonga muhuri. Maman Thérèse akamuuliza kama haisomi. Yule dada akajibu kwa upole kwamba kazi yake ni sahihi tu, yaliyoandikwa hayamhusu.

Tulipofika kituo cha basi, aliketi kwenye benchi, akanipa ile barua.

"Unisomee. Kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika pale anaposema hajawahi kuzaa mtoto yeyote, nikapitisha maneno haraka haraka.

"Rudilia pale," alisema. "Polepole."

Nikarudia, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akaikunja barua, akaiweka mkobani.

"Bon," alisema. "Ata muntu moja amesikia."