Puti ya Dirisha

Bafu nimetengeneza nyingi Nakuru, tangu miaka ile watu wa maduka walipokuwa wanajenga nyumba za mawe. Nilifundishwa na kalasinga mmoja mkali, ukiweka kigae kimepinda anakipiga teke, unaanza upya. Siku hizi vijana wanamwaga gundi tu. Lakini wacha niwaambie habari ya mama mmoja wa Kihindi.

Alikuwa mjane wa mwenye duka la vitambaa. Mwanawe alikuwa ameoa, na mke wa huyo kijana akakataa kuoga kwenye shawa ile, akisema inanuka kaburi. Nikaitwa. Kweli, pale vigae vinapokutana na sakafu palikuwa peusi tititi. Nikakwangua kidogo, nikanusa: puti, ile ya mafuta ya kushikia vioo vya dirisha. Ukungu unaila kama ugali. Nikauliza ni fundi gani alifanya ujinga huu. Mama akasema ni marehemu mumewe. Aliambiwa na kila mtu, hakusikia, akaipaka mwenyewe kwa kidole. Tangu afe, kila asubuhi mama alikuwa anapiga magoti pale na brashi, anasugua huku anamgombeza. Aliniambia hayo akicheka.

Mimi si mwoga. Nimelala shambani kule Bahati karibu na makaburi nikilinda viazi vya mjomba na sikuona kitu. Lakini nilipofika kona ya ndani, mtu akakohoa nyuma yangu. Kikohozi cha mzee anayesafisha koo kabla ya kukukosoa. Nikageuka, ni ndoo yangu tu. Nikaenda jikoni na patasi mkononi. Mama alikuwa anasukuma chapati. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

"Amekohoa?" akauliza bila kuinua macho.

Nikasema ndiyo.

"Hapendi mtu aguse kazi yake. Endelea tu, fundi."

Nikaendelea, tena haraka. Nikajaza simiti nyeupe, ikakauka safi kama meno ya mtoto. Yule mke wa kijana akaoga. Kukohoa sikusikia tena.

Mvua ndefu zikaja zikaisha. Mama akanikuta sokoni, amekonda. Akaniambia asubuhi anapiga magoti pale na hakuna cha kusugua, na nyumba imenyamaza. Nikamwambia si aongee naye tu, hata bila brashi.

"Yule bila kugombezwa hajibu," akasema. "Fundi, nirudishie kidogo. Kona ya ndani tu. Mke wa kijana hataona."

Basi nikatoboa simiti yangu mwenyewe, kazi nzuri kabisa ile, nikajaza puti ya dirisha, kipande cha urefu wa kidole. Kalasinga angenipiga teke mimi. Mama alisimama mlangoni na brashi yake kavu, akauliza itachukua muda gani kuwa nyeusi. Nikamwambia ikifika baridi ya Julai itakuwa tayari.

Akaitundika brashi kwenye msumari, chini, mahali mtu aliyepiga magoti anaweza kuifikia.