Ndege wa Koki Inayovuja

Koki ya tangi letu ilianza kuvuja nikiwa sekondari, na kwa miaka yote iliyofuata mama alikuwa na maelezo yaleyale: baba ni mvivu. Baba hakukanusha. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba chini ya upenu wa jikoni, akanywa chai yake ya rangi, akasema, "Kesho nitaishughulikia." Kesho yake alikaa palepale.

Mtu asiyeijua Newala ataona ni jambo dogo. Huku kwetu upande wa Mkunya hakuna mto wala kijito. Ardhi ni kichanga, inameza kila kitu. Mvua zikikatika, maji yako ni yale uliyoyakinga kutoka kwenye bati, na maji ya bomba hutoka siku yakipenda. Mama alizaliwa kwenye uwanda huu wa juu. Alipokuwa msichana, kuteka maji kulikuwa ni kuamka kabla ya alfajiri, kuteremka hadi bondeni, kusubiri zamu kisimani, kisha kuupanda mteremko na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka. Magoti yake bado yanalalamika. Hata leo, ukinawa mikono mbele yake kwa maji mengi, ananyamaza kwa namna ambayo utaifunga koki mwenyewe.

Baba ni mtu wa Lupaso, kule chini Masasi, ambako ukifukua mchanga wa korongo unapata maji ya kunywa. Alikuja huku kufundisha shule ya msingi, akaoa, akabaki, akastaafu. Ugomvi wao wa maji daima ulifika mahali pamoja.

"Nyie watu wa Masasi mmezaliwa miguu ikiwa ndani ya maji," mama alisema. "Hamjui kitu."

"Masasi ipi hiyo yenye maji? Au uliota?"

"Ningeota, ningeota koki imetengenezwa, Mwalimu."

Hivyo ndivyo alivyomwita mbele ya watu, na mbele yetu pia: Mwalimu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa kumi, nimemaliza chuo, nimesoma mambo ya wanyamapori, na nina darubini ya mtumba ambayo jicho lake moja lina ukungu. Nilikuwa nasubiri majibu ya kazi. Mpango wangu ulikuwa kwenda kwenye milima ya mawe ya Masasi kutafuta kozi wanaotaga kwenye majabali, ndege wa maana, ndege wa kuandikia ripoti. Ndege wa uani sikuwahesabu kuwa ndege. Isitoshe nilikuwa na mashaka hata na somo lenyewe. Chuoni tulizungumza sana juu ya hifadhi, na kila nilipouliza inamhifadhi nani na kwa maji ya nani, mhadhiri aliniambia swali zuri, akaendelea na picha inayofuata.

Siku ya pili mama alinipa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala vizuri? Haya. Wewe umesoma mambo ya viumbe hai. Mimi pia ni kiumbe hai, nihifadhi. Itengeneze ile koki."

Akaniletea kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na koki, nyingine zikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni.

"Kila akienda Newala mjini anarudi na koki," alisema. "Kila koki haiingii. Sasa niambie, huo si uvivu wa akili?"

Nilizipanga kwenye mkeka. Zote zilikuwa za nusu inchi. Bomba la tangi letu ni la robo tatu. Baba alifundisha hesabu maisha yake yote. Mtoto akikosea hesabu za sehemu alimrudishia daftari mara moja tu, mara ya pili alitaka kujua mtoto huyo anawaza nini. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosea kipimo. Lakini kukosea kosa lilelile, kwa upande uleule, mwaka hadi mwaka? Sikumwambia mama kitu. Nilirudisha koki kwenye kopo, na asubuhi iliyofuata nikachukua kigoda nikaenda kukaa na baba chini ya upenu.

Hakuonyesha kushangaa. Alinimiminia chai, akaweka kidole mdomoni.

Chini ya koki, matone yalikuwa yamechimba kishimo kwenye udongo, na ndani yake mlikuwa na maji ya kujaa viganja viwili. Alianza shore, kichwa cheusi kimechongoka, manjano chini ya mkia. Akatua juu ya bomba akapiga kelele kwa kila aliyekuwepo na asiyekuwepo.

"Mwalimu wa zamu," baba alinong'ona.

Wakafuata chiriku, kundi zima kwa pamoja, wakisukumana na kukanyagana.

"Darasa la kwanza."

Njiwa pori akatembea kwa miguu kutoka kwenye mikorosho, akiinamisha kichwa kila hatua, kama mtu aliyechelewa ibada na anatafuta nafasi nyuma. "Shemasi," alisema baba. Halafu ghafla wote wakatoweka, ua ukawa kimya, na juu ya mkorosho wa karibu nikamwona kipanga mdogo, macho ya njano, anatazama chini.

"Huyo ni mkaguzi wa shule. Akifika, hakuna anayepumua."

Nilitoa simu, nikaiwasha ile programu inayotambua ndege kwa sauti. Shore alipoanza tena, simu ilifikiri kidogo ikasema ni ndege wa Ulaya. Baba alicheka hadi chai ikamwagika.

"Baba, koki zote ni nusu inchi."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Duka lile lina nusu inchi tu."

"Miaka yote hii?"

Alitazama jikoni, ambako mama alikuwa anatwanga. "Mama yako ameteka maji bondeni," alisema kwa sauti ya chini. "Nimwambie nini mtu kama huyo? Kwamba nawapa ndege?"

Sikumwacha. Nilimwuliza ana ushahidi gani kwamba ndege hao wanahitaji maji yetu. Chozi, yule ndege mdogo mfyonza maua, anapata maji humohumo. Shore anakula mabibo, na mwezi wa kumi mabibo yamejaa chini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeko kwenye orodha ya ndege walio hatarini. Akasema zamani walikuwa wengi zaidi, kabla vichaka havijafyekwa na kabla salfa, dawa ya mikorosho, haijapulizwa kila mahali. Nikamwambia kila mzee hudai zamani kulikuwa na zaidi ya kila kitu. Akasema inawezekana. Hilo ndilo linalonitesa kwa baba: hagombani. Ukimsukuma, anasogea, halafu unakuta bado yuko palepale.

"Basi ifunge uone," alisema. "Siku moja. Mama yako pia atafurahi."

Jioni hiyo nilikata ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaifunga koki kwa nguvu, tone likakoma. Mama alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alipitisha kidole chini ya koki mara kadhaa, kikabaki kikavu, akaniambia sasa anaona ada yangu imekwenda wapi. Usiku alinipikia ming'oko, vile viazi vya porini.

Asubuhi walikuja kama kawaida. Shore alikaa juu ya bomba akalaumu. Chiriku walitua kwenye kishimo, wakachokoa udongo ambao ulikuwa bado na unyevunyevu, wakaruka. Nilikuwa naandika. Nilitegemea kuandika kwamba wameondoka kwenda kwingine, na swali langu lingekuwa limejibiwa.

Hawakuondoka. Walipanda juu ya tangi. Mfuniko wetu ni kipande cha bati kilichokandamizwa kwa jiwe, na pembeni kilikuwa kimepinda na kuacha mwanya wa kupitisha ngumi. Sikuwahi kuujali. Ndege nao hawakuwa na sababu ya kuujali, wakati maji yalikuwa chini, yanaonekana, na njia ya kukimbilia iko wazi. Sasa wakawa wanachungulia mmoja baada ya mwingine. Njiwa akachungulia, akaingiza kichwa, akaingia mzima.

Tukasikia mbawa zikipiga maji, na mwangwi wake ndani ya saruji ulikuwa kama mtu anayefua nguo kwa hasira.

Mama alitoka jikoni na mchi mkononi. "Nini hicho?"

"Njiwa," nilisema. "Ameingia tangini."

"Kwenye maji yangu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maji yetu yote mpaka mvua. Njiwa akifia humo, tungeyamwaga au tungeyanywa kwa kufumba macho, na mama si mtu wa kufumba macho. Nilipanda ngazi, nikasukuma bati. Maji yalikuwa yameshuka sana, kuta ni laini, na njiwa alikuwa anazunguka chini kule, mbawa zimelowa, kila akijaribu kupanda anateleza. Mkono wangu haukufika. Nikataka kuingia.

"Uingie na miguu yako hiyo?" mama alifoka. "Toka! Mwalimu, lete kitu!"

Baba alikuwa ameshavunja tawi la mkorosho, refu, lenye majani. Alinipa. Nililishusha taratibu, nikaliegemeza kwenye ukuta wa ndani. Njiwa aliliogopa kwanza. Kisha akapiga mbawa mara moja, mbili, akalishika kwa kucha, akakaa hapo akitweta. Tulisubiri. Mama alikuwa ameushika mguu wa ngazi, na nikamsikia anasema kwa Kimakonde maneno ambayo humwambia mtoto anayejifunza kutembea. Njiwa akapanda tawi hatua kwa hatua, akafika mwanyani, akaanguka upande wa pili kwenye mchanga. Alikaa juani mbawa zimetandazwa. Halafu akatembea, kwa aibu, kurudi mikoroshoni.

Nilikumbuka kwamba hilo nalo tulifundishwa: kwenye nchi kame, kuhifadhi ndege mara nyingi ni kutia tawi au jiwe ndani ya birika la kunyweshea mifugo ili aliyetumbukia aweze kutoka. Mtihani ulikuwa na swali lake. Nilikuwa nimelijibu vizuri.

Mama aliachia ngazi. Alimtazama baba, akaitazama koki iliyofungwa mpira, akatazama kile kishimo na nyayo ndogondogo zilizokizunguka. Macho yakarudi kwa baba.

"Kwa hiyo huyo ndiye uliyekuwa unamnunulia koki?"

Baba alijikuna shingo. "Yeye na wenzake."

"Nimekusema kwa dada zangu. Nimekusema kwa shemeji. Kwenye kikundi chetu cha akina mama nimekuombea, Mwalimu! Kwa jina! Kwamba Mungu akuondolee uvivu!"

"Ahsante kwa maombi."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungeifunga."

"Ningeifunga, ndiyo!"

Nilidhani sasa ugomvi ndio unaanza. Lakini mama alikaa kwenye ngazi ya chini, akaweka mchi magotini, akaanza kucheka, kicheko cha kukasirika ambacho kilimchukua muda kukimaliza. Kisha akatoa hukumu. Koki inabadilishwa leo, na msomi ndiye atakayekwenda kuinunua, inayoingia safari hii, na atakwenda na kipande cha bomba mkononi. Mwanya wa juu unazibwa leo. Ndege watakunywa, lakini si maji ya tangi. Mwenye ndege atawatafutia maji yao kwa miguu yake.

"Mteremko ule bado upo," alimwambia baba. "Ila wewe nakuhurumia. Nenda kioski cha maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda mjini, nikarudi na koki sahihi, ikaingia mara ya kwanza. Baba alichagua kigae kipana cha mtungi, akakiweka mahali pa kile kishimo, akatia na kijiti ndani bila kuambiwa. Kila baada ya siku chache alisukuma baiskeli na dumu moja hadi kwenye kioski cha maji, akapanga foleni na wanawake na vijana wa bodaboda. Walimtania sana.

"Mwalimu, mama amekufukuza? Umeanza kujitekea?"

"Nina bweni la wanafunzi," aliwajibu. "Wanakunywa sana, na ada hawalipi."

Mimi niliendelea kuwa na mashaka. Nilikuwa nikiwaangalia wakinywa, nikajiuliza kama tunawasaidia au tunawazoesha tu, na kama kipanga hakunenepa kwa sababu yetu. Nilihamisha kigae nikakisogeza karibu na kichaka, halafu mbali nacho, nikaandika. Milima ya Masasi ilibaki inanisubiri. Majibu ya kazi yalikuwa bado.

Kisha ikaja wiki ambayo kioski kilikauka. Pampu ilikuwa imeharibika, walisema. Baba alikwenda asubuhi, akarudi na dumu linalogongagonga kwenye kiti cha nyuma, tupu. Mvua ilikuwa bado; mawingu yalikuwa yakikusanyika kila alasiri na kutawanyika. Alisimamisha baiskeli ukutani, akakaa. Hakumwangalia mama, ambaye alikuwa mkekani anamenya muhogo, na mama hakumwangalia yeye. Kigae kilikuwa kikavu hadi ukoko wa matope ndani yake umepasuka. Shore alishatua pembeni yake.

Nilifikiri kusema kitu. Nilikuwa na hoja kwa pande zote mbili.

Mama aliweka kisu chini, akasimama kwa kujishika goti, akachukua kata. Alifungua koki kwa vidole viwili, akakinga, akaifunga, akaiangalia kuhakikisha hakuna tone. Alimimina kwenye kigae polepole ili yasiruke.

"Nusu kata," alisema. "Wakigombana, shauri yao."

Akarudi mkekani, akachukua muhogo na kisu. Shore alishuka. Chiriku wakaja nyuma yake. Mama alikuwa karibu nao, pengine hatua tatu, na mkono wake wenye kisu ulikuwa tayari umeinuka juu ya muhogo. Aliuacha hapohapo hewani, hakumenya, mpaka wakamaliza kunywa.