Uso wa Lubega Nyuma ya Pikipiki

Ritah hakulia, na hapo ndipo watu wa mtaa wetu wa Sherikat walipopata la kusema. Mumewe, Lubega, mwendesha bodaboda, aligongwa na gari kwenye barabara ya Rejaf, na gari likaenda zake. Ritah aliupeleka mwili Masaka, Uganda, kwa wakwe zake, akazika, akarudi Juba jicho kavu. Majirani walipokuja na maleshi zao, yaani kumpa pole, walikuwa wanamchungulia machoni. Eti mwanamke gani huyu, ana moyo wa jiwe! Niliwafukuza. Mimi ni Ketty, nauza chai karibu na steji ya bodaboda alipokuwa akiegesha Lubega, na mdomo wangu wanaujua.

Walipoondoka nilimuuliza, "Ritah, kwani unasikia nini?"

"Sisikii kitu, dada. Naosha vyombo, nalala, naamka. Kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi halafu daktari akaenda nyumbani." Akaanza kukusanya vikombe vya wageni. "Naogopa nitabaki hivi. Labda nikimwona aliyemuua, nitasikia."

Basi hilo ndilo alilotaka, kumwona.

Kazi yake ni kuchora. Vichwa vilivyosukwa kwenye kuta za saluni, kuku wa kuchoma kwenye hoteli zetu za mabati, vyote ni mkono wake. Lakini vya moyoni mwake alivichora kwenye mbao na kuvitundika chumbani: wanawake wanaoponda kokoto, wafungwa wanaofagia barabara, mama aliyevunjiwa kibanda chake. Mteja mmoja alimwambia achore twiga, twiga wananunuliwa. Ritah akamjibu kwamba twiga hajawahi kuponda kokoto. Siku zile alikuwa bado anajua kuudhika, na Lubega alicheka mpaka akapaliwa na chai yangu.

Alikwenda kwenye baraza la sultani, chifu wa eneo letu, maana huku kesi ya damu humalizwa huko. Mzee alimpokea kwa heshima, siwezi kumsingizia. Akamwuliza, "Mama, unamshtaki nani? Na watu wako wako wapi?" Kwetu ukoo ndio unaosimama na kudai kwa ukoo mwingine. Ritah hakuwa na ukoo hapa, wala jina la kumtaja. Akasema asante, akatoka. Asante! Mimi niliyemsindikiza ndiye niliyefoka njia nzima.

Lodu, mkubwa wa steji, aliposikia alikuja na wenzake wakiwa wamebeba madigadi, vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya gurudumu la pikipiki kuzuia tope. "Shemeji," akasema, "tuchoree Lubega. Huyo mtu ana gari. Popote aendako atakuwa nyuma yetu."

Akachora. Kila kipande alikichorea uso ule ule, macho yanamtazama anayekuja nyuma. Hakuandika hata neno. Nilikaa naye nikidhani kazi hiyo itamvunja, kumtengeneza mume wako mwenyewe mara zote hizo, nyusi, pengo la meno, kovu la kidevuni. Wapi! Alisafisha brashi, akachukua kingine. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia.

Lubega akaenea mjini. Alionekana barabara ya uwanja wa ndege, alionekana darajani, alionekana sokoni. Watu wakaanza kuuliza, huyu ni nani, na waendesha bodaboda wakawaambia. Mpaka mzee mmoja akaja kwa sultani akaomba kusikilizwa. Mpwa wake hali wala halali, hataki tena kushika usukani. Akienda mbele, yule mtu yuko mbele yake. Akipinda, yuko.

Siku ya baraza steji yote ilihamia pale. Sultani alimgeukia Ritah akamwuliza tena kuhusu watu wake. Kabla hajafungua mdomo, Lodu alisimama. "Sisi iko hapa, sultani." Na wote wakasimama nyuma yake. Sultani aliwaangalia, akatikisa kichwa kukubali, akaamuru kesi ianze.

Kijana aliitwa Fortunato. Nilikuwa nimejiandaa kuona jambazi, nikaona mtoto wa watu amekonda, kola imemlegea shingoni. Alisema, "Ni mimi. Nilisimama mbele kidogo, nikamwona kwenye kioo anainua mkono. Nikaogopa. Nikaondoka."

Lubega alikuwa bado hai, jamani! Nilipiga yowe. Lodu alifunika uso. Ritah alikaa vile vile, mikono mapajani.

Mjomba wake alianza habari za ng'ombe wa fidia ya damu. Ritah akamkatiza kwa upole. "Ya ng'ombe, zungumzeni na kaka zake Masaka. Mimi naomba akae pale nimchore."

Sultani alikubali. Kiti cha plastiki kikawekwa katikati, Fortunato akakaa, Ritah akaweka ubao magotini. Alichora taratibu, akiinua macho na kuyashusha. Kijana alivumilia, akavumilia, kisha midomo ikaanza kumcheza na machozi yakamwagika. Akajifunika uso kwa viganja.

"Shusha mikono," Ritah akamwambia bila ukali. "Sijamaliza."

Akaishusha. Akalia hivyo hivyo mbele ya watu wote, kamasi na yote, na Ritah akayachora machozi kama alivyoyaona.

Nilisogea begani kwake nikamnong'oneza kwamba amemkomesha, na bado. Ritah alikuwa amemkazia macho yule kijana kwa wivu, haki ya Mungu, wivu mtupu.

"Mwone, dada," akasema. "Yeye anaweza."