Siku Chura wa Jiwe Aliponishika Kidole

Chekeni, lakini mkimaliza tuyaache hapa hapa, maana hii aibu hata dada yangu kule Adelphi nilimficha mwaka mzima.

Enzi zile za simu za kukunja nilikuwa namtunza Bi Dorothy, mjane mmoja wa mji wa Herndon, huku ughaibuni. Marehemu mumewe alimwachia chura wa jiwe, wa kuenea kiganjani, ana tundu mgongoni, kachongwa Misri kabla hata ya mafarao. Ndani mlikuwa na uchafu mkavu, na Bi Dorothy alikuwa na hamu moja tu kabla hajafa: kujua wale watu waliweka nini humo, mafuta au wanja. Basi akaalika mtaalamu aje auchukue ukapimwe.

Sasa mimi nimelelewa Kakamega, mgeni akija lazima nyumba ing'are na asiondoke bila kula. Nikapika chapati, nikaanza kupangusa, nikapangusa hadi nikamfikia chura, nikaona ule uchafu (aki, mgeni akute hivyo?), nikaingiza kidole nikwangue. Kuingia kikaingia. Kutoka, kikakataa! Nikavuta, nikazungusha, nikazunguka jikoni, sebuleni, jikoni tena, jasho linanitoka, kidole kinavimba, mara kengele ya mlango hiyo!

Nikaficha mkono chini ya aproni, nikafungua. Kumbe mtaalamu mwenyewe ni Mtanzania, mzee wa mvi, nikajitambulisha, kusikia jina langu akafurahi, akaninyooshea mkono.

"Hujambo, binti?"

Jamani, mzee kama yule utampa mkono wa kushoto?

"Shikamoo, mzee," nikasema, na mkono wa kulia ukatoka wenyewe, na chura wake.

Bi Dorothy alipiga ukelele. Tukakanda kidole kwa mfuko wa barafu hadi chura akatoka, mzima, lakini ndani msafi kabisa. Mzee akachungulia, akaushika mkono wangu, akaona uchafu wote uko chini ya ukucha! Akatoa kichupa na kijiti, mimi nikaanza kumshukuru Mungu.

"Leo umeshika nini, binti?"

"Unga," nikasema. "Na mafuta. Na vitunguu kidogo."

Akafunga kichupa chake polepole, akamweleza mwenye nyumba kwamba uchafu umeshachanganyika na mapishi, haupimiki tena.

Nikangoja kufukuzwa. Bi Dorothy alimtazama chura wake, macho yamemlowa, akasema, "Basi, sasa najua kilichokuwamo. Chapati." Akaagiza aletewe moja. Akala yote.

Tangu siku hiyo, kitu chochote chenye tundu nakipangusa nje tu.