Tonge la Kabibi

"Bibi, kwa nini unakula nyuma ya pazia?"

Tahira alikuwa mdogo alipouliza hivyo. Kabibi alimpa mjukuu wake mgongo, akatazama ukuta, mkwewe Mwanvua akaendelea kumtia ugali mdomoni.

Huyu ndiye Kabibi aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni Rumonge huku akiwatania wavuvi mpaka wanasahau bei. Kiharusi kilimkuta palepale kwenye vichanja, kikaulegeza mkono wake wa kulia. Hospitali walimpa mpira wa kubinya. Aliubinya na kuubinya, wapi! Kwake watu wanakula sinia moja, na mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia.

"Kwa mgonjwa ruhusa iko," jirani yake Hadjara alimwambia.

"Ruhusa iko, Hadjara. Hamu ndiyo haiko."

Ndipo akaanza kuja Chanceline kwa pikipiki. Kazi yake ni kumfuata mgonjwa nyumbani, amrudishe kwenye shughuli zake mwenyewe: kuoga, kuvaa, kupika. Wenyewe wanaiita ergoterapi. Siku ya kwanza alileta kijiko chenye mpini mnene, cha mkono wa kushoto. Kabibi akasema murakoze, asante, kwa adabu zote. Aliporudi tena, Chanceline alikikuta kijiko jikoni kinatumika kuchotea majivu.

Hakukasirika. Saa ya chakula ilikuwa imefika, akaliona sinia, akaliona na pazia.

"Mama Kabibi, unataka nini hasa?"

"Nataka kukaa pale na wenzangu. Kwa mkono huu."

Chanceline akaurudisha mpira kwenye mfuko. "Mwanvua, lete ugali wa moto."

Akakunja kitenge, akakiweka chini ya kiwiko cha Kabibi. "Finyanga." Tonge la kwanza likaanguka, jogoo akalibeba mbio. La pili nalo likaenda kwa jogoo. Kabibi akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa haijakisikia tangu augue. Kuanzia hapo kila mlo ukawa zoezi, na katikati ya milo alichambua ndagala, alikamua nguo, alimsuka Tahira mistari iliyopinda kama njia ya mlimani.

"Kuku wa kwa Kabibi wananenepa siku hizi!" Hadjara alitania.

"Nawalisha wewe uje uwale Idi!"

Idi ikafika. Kabibi akatoka nyuma ya pazia, akakaa kwenye mkeka. Lakini sinia lililoletwa lilikuwa la pilau! Yeye alizoea ugali unaoshikana, wali unatawanyika. Rachidi, mwanawe, akanyoosha mkono amsaidie.

"Toa mkono wako, Rachidi. Nilikuzaa mimi."

Akausogeza wali ukingoni mwa sinia, akaubana, akaubana tena. Akainua. Punje zikadondoka kwenye kanga, zilizobaki zikaingia mdomoni. Mwanvua akapiga vigelegele, Chanceline, aliyealikwa siku hiyo, akapiga makofi, na Kabibi akiwa bado anatafuna akauliza, "Nyama mumeficha wapi?"

Sasa Tahira yuko sekondari, na Kabibi amerudi kwenye vichanja vyake. Juzi walipokaa kula samaki wa mukeke, Tahira akamkumbusha lile swali la pazia.

Kabibi akapeleka mkono wa kulia mpaka upande wa mjukuu wake kwenye sinia, akachukua kichwa cha samaki.

"Siku zile sikuwa nakula, mutoto wangu. Nilikuwa nalishwa. Kula ni huku."