Alama ya Mzinga Kwenye Karatasi

Kwa miaka mingi nilikula kwa brashi. Niliandika vibao vya maduka, saluni na mabasi mjini Tabora, mpaka zilipokuja mashine zinazochapa bango la plastiki wakati mteja anamalizia soda yake. Sikulia. Nilifunga makopo ya rangi, nikapanda treni kuelekea magharibi, nikashuka Usinge kwa dada yangu, mjane anayeuza chai na maandazi karibu na stesheni.

Dada hakuweza kuvumilia kuniona nimekaa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa mteja wake wa kila asubuhi, na siku moja wakapanga maisha yangu wawili hao, mimi nikiwa nyuma ya nyumba nanyoa ndevu. Kipindi cha kuchora kilikuwepo kwenye ratiba, mtu wa kukifundisha hakuwepo. Ningefundisha darasa la tano kila Ijumaa, kwa kujitolea. Nilipouliza kujitolea maana yake nini hasa, mwalimu mkuu alisema maana yake ni kwamba chai ningekunywa kwa dada.

Kipindi cha kwanza nilichora jogoo ubaoni. Ubao wenyewe ulikuwa na ufa, na ufa huo ulipita katikati ya mkia. Niliwaambia wachore wanachokiona. Walichora jogoo, na kila jogoo alikuwa na ufa mkiani, umepimwa vizuri kabisa. Nilizunguka madawati yote nikitafuta jogoo mzima, sikumpata. Nikajua nimekutana na watu wanaotii.

Karatasi zetu zilikuwa mitihani ya majaribio ya miaka iliyopita, tunachora upande wa nyuma. Rangi tulitengeneza kwa nta iliyoyeyushwa, tukachanganya na masizi au udongo mwekundu. Nta haikuwa shida Usinge. Karibu kila nyumba ina mtu mwenye mizinga ya nyuki msituni.

Dawati la mbele, karibu na dirisha, alikaa binti mmoja aliyechora polepole kuliko wenzake na hakupenda kutazamwa akichora. Habari zake nilipewa na dada, ambaye kwa sababu ya chai anajua habari za kila mtu. Baba yake alifariki mwanzoni mwa masika, mama alishaondoka zamani, sasa alilelewa na bibi yake mzaa baba. Kitu pekee alichoacha marehemu ni mizinga, na kila mzinga umechongwa alama yake: mistari miwili iliyopishana, na ndoano ndogo juu.

Dada alinieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda chooni. Kila mrina asali ana alama ya kwao. Mzinga wenye alama ya mtu mwingine hauguswi, hata ukiwa unavuja asali na wewe una njaa. Mtoto akirithi mizinga ya baba yake huiacha alama ilivyo na kuongeza mstari mmoja. Ndugu wa marehemu akiichukua, anaichonga ile ya zamani mpaka iishe, halafu anaweka ya kwake.

"Na baba mdogo wake keshasema," dada alisema. "Siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu. Kiangazi kikiingia anakwenda kuchonga. Kwamba mtoto wa kike hapandi mti."

"Na bibi kasema nini?"

"Kamzika mwanawe juzi. Aseme nini?"

Nilimhurumia yule binti, na sikupenda kumhurumia. Nilikwenda kule kufundisha kuchora. Ijumaa iliyofuata nilijaribu kumtazama kama ninavyowatazama wengine, nikashindwa.

Darasa lilikuwa na majina yanayojirudia mno, karatasi zikichanganyika sijui ipi ya nani. Kwa hiyo niliwaambia kila mmoja aweke pembeni alama yake, yoyote, ya kumtofautisha na mwenzake. Nilitegemea maua na nyota. Waliinama, wakamaliza haraka kuliko walivyowahi kumaliza kitu chochote, na nilipokusanya niliona vistari, misalaba, miduara yenye mkia, meno ya msumeno. Hakuna hata ua moja. Sikuuliza, kengele ilishagongwa.

Wiki iliyofuata nilikuja na zoezi ninalolipenda. Niliwagawia michoro yao, nikaamuru kila mmoja ampe jirani yake, jirani aipake rangi. Karatasi zilihama. Kisha hakuna kilichotokea. Darasa zima likakaa mikono mapajani, rangi mbele yao, wananitazama. Nilirudia amri. Nilirudia kwa sauti kubwa. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile nilizitumia zote.

Mwishowe kiranja alisimama. "Mwalimu, haiwezekani. Ina alama."

"Alama ya nani?"

"Ya kwao."

Ndipo nikaelewa kwamba nilichokusanya wiki iliyopita ni mizinga. Nilikuwa nawaamuru watoto wa warina asali waibiane, tena darasani, mchana kweupe. Nikawaambia kila mtu arudishiwe ya kwake. Walishusha pumzi kwa pamoja, nami nikaenda kusimama mlangoni kidogo mpaka hamu ya kucheka iishe.

Muhula ulipokaribia kufungwa, mwalimu mkuu alitaka michoro itundikwe siku ya kikao cha wazazi. Nilifunga kamba ukutani kwa nje, kutoka ofisini mpaka darasa la saba, nikaanza kubana karatasi. Ya yule binti ilikuwa mti mkubwa, mzinga juu, na kamba ya kupandia ikining'inia bila mtu. Pembeni aliweka mistari miwili iliyopishana na ndoano juu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao wiki za nyuma haukuwepo.

Nilikaa nayo mkononi. Ningeweza kuiacha ndani ya boksi la michoro, hakuna ambaye angeuliza. Nilijua baba mdogo angekuja, ana watoto wawili pale shuleni. Niliogopa, sio kwa ajili yangu. Kisha nikaibana katikati ya kamba, mahali ambapo zamu yake ingeangukia hata kama nisingeichagua, nikaenda kunawa mikono.

Wazazi walikuja, wakapita kwenye kamba. Hawakuwatazama wale jogoo waliochorwa. Walitazama pembeni mwa kila karatasi, wakitaja nyumba moja baada ya nyingine kama watu wanaopita msituni, mpaka walipofika katikati. Pale wakasimama.

Baba mdogo alisogea mbele. Mtu mrefu, mguu mmoja mzito, kofia mkononi.

"Nani kakuambia uongeze mstari?"

Binti alikuwa kando ya bibi yake. "Hakuna."

"Mtoto wa kike hapandi mti."

Bibi hakuinua sauti. "Na wewe mwanangu, ulipanda lini mara ya mwisho? Tangu uvunjike mguu si unapandiwa na vijana? Na yeye atapandiwa."

Kicheko kilitoka kwa akina mama, kikazimwa. Mzee mmoja wa kamati ya shule alisogeza miwani, akaisoma ile alama na mstari wake, akasema tu, kama shahidi, "Tumeiona." Wengine wawili watatu wakaitikia kwamba wameiona. Kisha tukaitwa kwenye kikao, tukajadili uji wa shule na paa la choo kwa urefu usioelezeka. Baba mdogo alikaa nyuma.

Watu walipotawanyika nilianza kubandua michoro. Nilikuwa nimefika katikati nilipousikia mguu mzito wa baba mdogo nyuma yangu.

"Mwalimu. Ule mstari ameuweka chini kabisa, au unagusa?"

"Haugusi."

"Umelala au umesimama?"

Nilidhani anataka ugomvi uendelee. Nilimtazama usoni, nikaona anauliza kama wateja wangu wa zamani walivyouliza kabla ya kuandikiwa kibao, kwa kuogopa kukosea. Nikaibandua ile karatasi, nikamnyooshea.

"Chukua, uende nayo. Utaangalizia hukohuko."

Aliweka mikono nyuma.

"Ina mwenyewe hiyo," alisema.

Alimwita. Binti alikuja kutoka kwenye foleni ya uji, akifuta vidole kwenye sketi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mama." Alizungusha kofia mkononi. "Naomba karatasi yako. Niende nayo msituni, nisije nikaharibu."

Binti aliichukua kutoka kwangu. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaishika kifuani.

"Nitaishika mimi," alisema. "Wewe utachonga."

Macho ya baba mdogo yalikuwa yamejaa maji, na hakujishughulisha kuyaficha.

"Haya," alisema.

Shule ilipofunguliwa, nilikuta binti ameirudisha karatasi kwenye boksi, mikunjo yake imechakaa na pembeni kuna doa la asali lililovuka alama yote. Mimi na madoa hatujawahi kupatana. Kibao chenye doa nilikuwa nakipiga msasa na kuanza upya. Lile sikuligusa.